Mpira wa Chini

Lori la Magige lilikuwa na ugonjwa usiotaka kuonekana. Likisimama uani, injini ikinguruma polepole, ungeweza kulitazama asubuhi nzima usione kasoro: hakuna tone linalodondoka, hakuna mvuke, mshale wa joto umetulia kama kuku anayeatamia. Lakini ukilipakia magunia ya mtama, ukalitoa Nyansurura na kuanza kulikimbiza, mshale ungeanza kupanda, na kwenye kilima cha kwanza cha maana rejeta ingetokota na kutema maji ya moto kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Usimame, ufungue boneti umkamate mwizi, utakuta kila kitu kimetengemaa. Mwizi hayupo, wala nyayo zake.

Magige alikuwa dereva wa vita. Ufundi aliupatia jeshini, kwenye matope ya Burma, na aliporudi aliendesha magari ya watu wengine kwa muda mrefu kabla hajapata la kwake: lori kuukuu la jeshi, alilolipata mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa. Alilipata kwa ng'ombe. Baadhi yao walikuwa ng'ombe wa mahari ya dada yake Robi, ambao kwa desturi walitakiwa wamwolee yeye mke. Wazee walinuna. Robi mwenyewe alicheka tu, akasema kaka yake ameoa mke wa chuma, tena mlevi, maana anakunywa kuliko zizi zima.

Kiangazi hicho chote Magige alilihangaikia. Alianza na mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini, kwa sababu ulikuwa na nyufa za kuonekana kwa macho. Akaubadilisha, lori likachemsha. Akakaza mkanda wa feni. Akaifungua rejeta, akaisukutua mpaka maji yaliyoingia safi yakatoka safi. Lori likachemsha. Mpira wa chini, ule unaorudisha kwenye injini maji yaliyokwisha kupoa, aliupapasa siku moja injini ikiwa baridi. Ulikuwa umelainika. Mafuta ya injini yalikuwa yakiudondokea kidogo kidogo, na mpira na mafuta havijawahi kupatana. Aliubonyeza kwa dole gumba, ukabonyea kama shavu la kikongwe, halafu ukarudi. Hata hivyo haukuvuja, na vibano vyake vilikuwa vimeshika barabara. Mpira usiovuja una kosa gani? Akaufuta kwa tambara, akaenda kutafuta ugonjwa mahali pengine.

Robi aliolewa na Waitara, mkulima wa papo hapo Nyansurura, akawa mke wa pili. Mke mkubwa aliitwa Nyangi, mwanamke mrefu aliyetoka ng'ambo ya Mto Mara, huko Nyanungu. Watu waliwangojea wake hao wawili wagombane, wakachoka kungoja. Robi alikaa bila kushika mimba mpaka minong'ono ikaanza, na hatimaye tumbo lilipoonekana, aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Nyangi.

Alfajiri moja Waitara alifika uani kwa Magige akihema.

"Shemeji, washa gari."

"Kuna nini?"

"Robi. Tangu juzi uchungu haujamwacha. Mama anasema mikono yake imefika mwisho."

Mama huyo alikuwa Wegesa, mama yao Magige na Robi, mkunga aliyewapokea nusu ya watu wa kijiji kile walipokuja duniani. Kama Wegesa amesema mikono yake imefika mwisho, hakuna tena wa kuulizwa. Kulikuwa na hospitali Musoma, na Musoma ilikuwa mbali.

Magige alilitazama lori lake.

"Litachemka njiani," alisema.

"Bora lichemke likiwa njiani," Waitara akajibu, "kuliko mke wangu afie kitandani na gari limeegeshwa hapa."

Nyangi ndiye aliyeteka maji ya kujaza rejeta. Ndiye aliyetandika nyasi na ngozi nyuma ya lori, na ndiye aliyemshika Robi kwapani kumpandisha, huku Wegesa akimvuta kutoka juu. Robi hakutaka kumwachia mkono.

"Dada, twende wote."

Nyangi alikwisha kuweka mguu juu ya gurudumu apande. Waitara akamzuia: watoto watabaki na nani? Nyangi akashuka, akamfunga Robi vizuri shuka lake, akampa Wegesa kibuyu cha maji ya kunywa. Lori lilipoondoka alikuwa bado amesimama palepale, debe tupu mkononi.

Magige alianza kwa mwendo wa kunyata, kwa ajili ya mashimo. Kila tairi lilipoanguka kwenye korongo, sauti ya Robi ilipenya kwenye chumba cha dereva. Waitara alikaa kando yake. Kwa heshima ya mkwe hakuweza kukaa nyuma aliko mama wa mkewe, wala hakuthubutu kugeuka na kuchungulia kwenye kidirisha. Alibaki akitazama mbele na kukaza taya.

"Kimbiza," alisema.

"Nikikimbiza litachemka."

"Kimbiza, shemeji."

Akakimbiza. Mshale ukaanza kupanda. Akapunguza, mshale ukateremka. Akakimbiza tena, ukapanda tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Magige akahisi jambo linamgonga kichwani. Siku zote alikuwa amelaumu mzigo. Lakini leo mzigo ulikuwa wapi? Nyuma kulikuwa na wanawake wawili na nyasi. Hata kilima hawajakifikia. Basi si uzito unaolichemsha lori hili, wala si mlima. Ni ile kasi ya injini yenyewe. Kuna kitu huko ndani kinachofanya kazi yake vizuri gari likitembea, na kuiacha gari likikimbia.

Hakuwa na nafasi ya kulifikiria zaidi. Walikuwa wamekwisha kupita mashamba, wakiingia kwenye mbuga kavu upande wa Kisaka, ambako hakukuwa na nyumba wala kivuli cha maana, rejeta ilipofoka. Mvuke ulifunika kioo. Magige akazima injini, lori likajikokota kidogo na kusimama.

Kimya. Halafu sauti ya Robi.

Waitara alikuwa amekwisha kuruka chini na debe la maji ya akiba. Magige akamdaka mkono.

"Usimwage! Chuma kimewaka hicho. Ukikipiga maji baridi kitapasuka, na hapo hatuendi Musoma wala haturudi nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kiweze kushikika."

Waitara aliliweka debe chini taratibu mno, kama mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe.

Hakuna kazi ngumu kama kungoja chuma kipoe huku mtu wako anaungua. Magige alizunguka nyuma, akasimama ubavuni mwa lori. Kupitia mwanya wa mbao alimwona Robi amelaza kichwa kwenye paja la mama yao, midomo imekauka, uso umekuwa mdogo.

"Kaka," Robi alisema.

"Naam, Robi."

"Ng'ombe wangu wamechoka?"

"Wamechoka kidogo. Wakinywa maji tunaondoka."

Robi akafanya kama anacheka, au labda ulikuwa uchungu. Wegesa alimtazama mwanawe wa kiume, na katika macho yale Magige akasoma alichopaswa kukisoma. Akarudi mbele mbio.

Injini ilipopoa kiasi, alimimina maji pole pole, akawasha, kisha akamwita Waitara aingie upande wa dereva.

"Unakiona hicho cha kulia? Weka mguu. Nikipiga ngumi mara moja, kanyaga mpaka chini. Nikipiga tena, achia."

"Sijawahi kugusa gari."

"Leo unagusa."

Magige akalala chali chini ya lori, uso umeelekea mpira wa chini. Injini ilinguruma polepole, na mpira ulikuwa mnene, mviringo, haujambo kabisa. Akapiga ngumi. Waitara akakanyaga. Injini ikapiga kelele, pampu ikaanza kuyavuta maji kwa nguvu zake zote, na hapo, mbele ya macho yake, mpira ule ukajifinya katikati. Mbavu zake zilikutana, ukawa bapa kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa, na maji yakakosa njia. Akapiga tena. Waitara akaachia, na mpira ukajaa, ukatulia, haujui lolote.

Ndio maana hakuwahi kumkamata mwizi. Kila alipofungua boneti alikuwa amekwisha kupunguza kasi ya injini, na mpira ulikuwa umekwisha kujinyoosha.

Akaendelea kulala pale kidogo, vumbi likimwingia kwenye nywele. Alikuwa ameubonyeza mpira huu kwa kidole chake mwenyewe. Ulikuwa umemwambia.

"Umeuona ugonjwa?" Waitara aliuliza kutoka juu.

"Nimeuona."

Kuufungua kulimaanisha kuyapoteza maji yote. Magige aliweka karai chini yake, akalegeza kibano kwa bisibisi, na maji mekundu yenye kutu yakatoka kwa kishindo, mengine kwenye karai, mengine yakinywewa na ardhi. Alipouvua mpira na kuutikisa, vipande vidogo vya kutu vilimwangukia kiganjani. Akaelewa. Ndani yake hapo zamani palikuwa na waya uliosokotwa kama springi, wa kuuzuia usifinywe na mvuto wa pampu. Waya umeoza, umeliwa wote, na mpira umebaki ngozi bila mifupa.

Alipekua sanduku la spana. Alipekua chini ya kiti. Alipata vipande vya waya laini wa kufungia magunia, vinavyokunjika kama uzi.

"Unatafuta nini, mura?" Wegesa aliuliza kutoka juu ya lori.

"Waya, mama. Waya mgumu, wa kuzungusha."

Wegesa alinyoosha mkono nje ya ubavu wa lori. Toka kwenye kifundo kwenda juu ulikuwa umezungukwa na waya mnene wa shaba nyeupe, mzunguko juu ya mzunguko, uliovishwa mkononi mwake alipokuwa bibi harusi na haukuwahi kuvuliwa tangu hapo.

"Kama huu?"

Magige akachukua koleo.

Mkono ulikuwa umezeeka ndani ya waya ule, nyama imekua ikaufuata. Kila alipouchomeka mdomo wa koleo, ngozi ilichubuka. Wegesa aliugeuza uso pembeni. Mkono wake wa pili haukuondoka juu ya tumbo la Robi, akilikanda, akisema naye kwa Kikurya maneno yale ambayo wakunga huwaambia wazazi, ya kwamba njia ipo, njia ipo, mwanangu. Waya ulitoka na damu. Chini yake mkono ulikuwa mweupe na mwembamba, kama wa mtu mwingine.

Magige aliufunga waya kwenye mpini wa jeki, akauzungusha kwa nguvu hadi viganja vikamwaka, akapata springi ya kutosha, akausukuma ndani ya mpira mzunguko baada ya mzunguko. Kisha akaurudisha mahali pake na kukaza vibano. Akaubonyeza. Safari hii ulimkatalia.

Yakabaki maji. Yale ya karai hayakufika nusu. Mzee mmoja mchungaji, aliyekuwa amesimama kwa mbali na ng'ombe wake akiwatazama, alimwonyesha Waitara korongo lenye mchanga ambako watu walichimba visima vya muda. Waitara alikimbia na debe, akarudi akimwagika jasho na maji ya matope, akakimbia tena. Jua lilikuwa limepanda sana. Magige aliyachuja kwa shati lake. Kwenye kibuyu cha Nyangi kulikuwa na maji safi yaliyobaki. Aliyatazama mara moja tu, akayaacha.

Wakaondoka.

Na lori likaenda. Magige alikanyaga kwa woga kwanza, jicho kwenye mshale. Haukusogea. Akakanyaga zaidi. Mshale ulikuwa umelala palepale. Kwa miezi mingi hakuwa amelisikia lori lake likiimba namna ile, sauti moja nzima bila kukohoa. Kilima kile kilichokuwa kikiwatesa siku zote kilitokea mbele yao, na Waitara akashika mlango kwa mikono miwili. Lori likakipanda. Walipofika kileleni, mshale ukiwa bado mahali pake, Waitara, mtu wa maneno machache, aliachia kelele kama kijana kwenye ngoma. Magige akacheka. Kisha, bila kukusudia, akaanza wimbo mmoja wa safari wa jeshini, na Waitara akawa anampigia mlango kwa kiganja, maneno hayajui, akifuata mdundo tu. Kutoka nyuma hakukusikika kitu. Magige aliona ni heri: mgonjwa amepata usingizi.

Walipofika kwenye kijito chenye maji alisimama. Alitaka kuijaza rejeta na kuupapasa mpira. Ulikuwa mgumu, wa moto kiasi chake. Akapanguza mikono, akazunguka nyuma.

"Mama, tumepona! Sasa ni Musoma tu."

Wegesa alikuwa amekaa kama alivyokuwa amekaa, kichwa cha Robi pajani. Ila shuka alikuwa amelivuta hadi juu, likafunika uso.

Magige alishika ubao.

"Lini?"

"Nyuma huko. Kabla ya kilima."

"Na mtoto?"

"Mtoto alitangulia. Alfajiri nilikwisha kujua. Nilitaka wamtoe, mama yake abaki."

"Mbona hukugonga, mama? Mbona hukugonga?"

Wegesa alimtazama. Damu ilikuwa imemkaukia mkononi.

"Nigonge ili iweje? Nilisikia gari linakwenda. Nikasikia mnaimba. Niliwaacha muimbe."

Waitara alikuwa amesimama nyuma ya Magige. Alisahau heshima ya mkwe, akapanda juu ya lori, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya Wegesa, na bibi yule hakumfukuza.

Waligeuza gari. Lilirudi hadi Nyansurura bila kuchemka.

Wazee walikuwa na lao la kumfanyia mwanamke aliyekufa na mtoto tumboni, la kuwatenganisha kabla ya kuzikwa, na walilifanya. Magige hakwenda kutazama. Alichimba kaburi pamoja na wengine, akatupa udongo, akarudi kwake, akakaa siku nyingi bila kuligusa lori. Nyangi alinyoa nywele, akamlilia Robi mpaka sauti ikamkauka. Wapo waliosema kilio kile kimezidi kiasi. Kisha wakasema mengine. Nani aliyeteka maji yaliyotiwa kwenye rejeta asubuhi ile? Nani aliyetandika nyasi? Nani alishika gari, akaweka mguu juu ya gurudumu, halafu akashuka, hakwenda? Na kabla ya hapo, ni nani alimfunga Robi asizae miaka yote ile?

Maneno yalipomfikia Magige yalikuwa yamekwisha kuwa baraza. Nyangwine, baba mkubwa wa Waitara, aliwaita wanaume wa ukoo uani kwa Waitara. Magige alikwenda na lori. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameuvua mpira, akautoa waya wa mama yake na kuurudisha bila kitu ndani, ulivyokuwa.

"Shikamooni, wazee," alisema. "Naomba mtazame kwanza, ndipo mseme."

Akafungua boneti, akawaonyesha maji yanavyotoka na yanavyorudi. Wakainama, mmoja mmoja. Akamweka Waitara kwenye usukani, maana sasa alijua kukanyaga. Injini ikalia, na mpira wa chini ukafinyika mbele ya macho ya wazee wote, ukawa bapa. Mmoja akaruka nyuma. Injini ikatulia, mpira ukajaa.

"Rudia," Nyangwine alisema.

Wakarudia. Nyangwine alitazama kwa makini, hakuwa mjinga. Akauliza pampu iko wapi na kwa nini mpira wa juu haufinyiki, na Magige akamweleza kwamba wa juu unasukumwa na wa chini unavutwa. Mzee akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigoda chake.

"Mpira tumeuona. Hata mimi nimeuona," alisema. "Lakini huu umekuwa mbovu kiangazi chote. Ulibeba mtama wetu ukachemka, tukafika. Kwa nini usiue siku ya magunia?"

"Kwa sababu magunia hayafi, mzee."

Watu wakaguna. Magige akaendelea.

"Hakuna aliyefanya kitu hapa isipokuwa mimi. Mpira huu niliushika kwa mkono wangu kabla Robi hajaumwa. Niliubonyeza, nikaona umelainika, nikauacha kwa sababu hauvuji. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, yuko hapa amesimama mbele yenu. Nyangi aliteka maji. Basi. Maji safi."

Nyangwine alimwangalia kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyomkatisha tamaa Magige.

"Dereva wa vita," alisema mzee, "mtu aliyeyarudisha malori kutoka Burma, anashika mpira mbovu, anaona ni mbovu, anauacha. Mwanangu, wewe hujiulizi ni nani aliyekupumbaza?"

Magige akatafuta jibu huku na huku kama alivyotafuta waya siku ile. Kila alichokileta kiligeuka kuwa kuni za moto uleule.

Wegesa alikuja kutoka nyumba ya pili, akasimama kwenye kona ya ua ambako wanawake hawasimami baraza likiendelea, akasema Nyangi alimshika Robi kama mtoto aliyemzaa mwenyewe na hamjui mtu mwema kumzidi. Wakamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Baadaye wakasema msiba umemchanganya mama wa watu.

Waitara alikuwa bado amekaa nyuma ya usukani, mguu wake umeegemea pedali, akiwatazama wazee wa ukoo wake kupitia kioo.

Hawakumpiga Nyangi. Walimwambia arudi kwao. Watoto ni wa ukoo, watabaki.

Magige ndiye aliyempeleka, kwa kuwa hakutaka aende kwa miguu na watu wakimwangalia. Usiku wa siku ile ya baraza alikuwa ameurudisha waya ndani ya mpira. Waitara alitoa nje jiwe la kusagia la Nyangi na vyungu vyake, akavipakia mwenyewe na kuvizungushia nyasi visivunjike. Mtoto mdogo alishika gurudumu la nyuma, ikabidi atolewe.

Walivuka Mto Mara pale maji yalipokuwa yamepungua, wakashika njia ya kupanda kuelekea Nyanungu. Nyangi aliuliza, macho yakiwa barabarani:

"Uliwaonyesha?"

"Niliwaonyesha."

"Wakaona?"

"Wakaona."

"Waitara naye?"

"Waitara alijua kabla ya wote. Yeye ndiye aliyekanyaga."

Nyangi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Baadaye aliuliza kama Robi alikunywa maji yale ya kibuyu. Magige akamwambia ndiyo, alikunywa. Mama alikuwa akimlowanisha midomo njia nzima. Nyangi akasema vizuri.

Kabla hawajafika kwao, mahali ambapo mashamba ya migomba huanza kuonekana, alimwomba asimame.

"Bado mbali," Magige alisema. "Una jiwe, una vyungu."

"Vitafuatwa na kaka zangu. Mama yangu ni mzee. Akisikia gari atadhani kuna msiba. Nataka anione mimi kwanza."

Magige akazima injini. Nyangi akashuka, akajifunga shuka lake, akachukua chungu kimoja kidogo akakiweka kichwani ili asirudi mikono mitupu, akaenda zake kwenye njia nyembamba kati ya migomba. Magige alikaa kwenye usukani bila kuwasha. Alisikia mbwa wakibweka huko juu, wakanyamaza, halafu sauti ya mwanamke mzee ikiita jina, kwa furaha.